Bibi wa Katuni na Sauti ya Mgeta

Kaa hapo karibu, wewe unayenisikiliza, na kama una kazi mkononi endelea nayo, kwa sababu maelezo yangu huwa hayana haraka. Nataka kukusimulia jambo lililotokea kati ya mama yangu mkubwa na bibi mmoja wa kwenye katuni. Najua linavyosikika. Hata mimi, mara ya kwanza nilipojaribu kulieleza kwa mtu mzima mwenzangu, aliniuliza kama nimepumzika vya kutosha. Lakini wewe vumilia kidogo. Nitakwenda hatua kwa hatua, na pale nisipojua nitakwambia sijui.

Kwanza uielewe kazi yangu. Naandika maneno ya Kiswahili ya katuni zinazotoka nje. Nilifundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, ndipo studio moja ndogo hapa Morogoro, nyuma ya stendi ya Msamvu, ikanitafuta. Ni vyumba viwili vya nyumba ya kawaida. Kile cha kurekodia kimebandikwa magodoro ukutani kwa ajili ya honi za mabasi, na bado kuna honi inayopenya. Ikipenya tunanyamaza, tunaangaliana, tunaanza upya.

Watu hudhani kazi hii ni kubadilisha neno kwa neno. Sivyo. Katuni ina midomo. Mhusika akifumba mdomo, sentensi yangu iwe imekwisha. Akivuta pumzi, nimwachie nafasi ya kuivuta. Kwa hiyo naandika huku namtazama mtu mdomoni, na ukimtazama mtu mdomoni wiki nzima, hata akiwa mchoro, unaanza kumzoea kama jirani.

Jirani wangu wa wakati ule alikuwa huyo bibi. Katuni ilihusu familia inayoishi katika mji mkubwa Marekani, lakini asili yao ni Meksiko. Watu wa asili hiyo, pamoja na wenzao wa nchi za kusini zaidi, kule huitwa Walatino. Kulikuwa na watoto wawili, baba dereva wa lori, mama muuguzi, na bibi mzaa mama, na bibi ndiye aliyekuwa wa kuchekesha. Kiingereza chake kilikuwa kizito, amekichanganya na Kihispania. Alipika tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho. Na mjukuu akikosea, alivua ndala. Ndala iliruka, ikapinda kona, ikamfuata mtoto nyuma ya mlango alikojificha. Tulipoiona mara ya kwanza tulicheka studio nzima. Fundi wa mitambo alisema huyu bibi kahamia Marekani juzi tu, alikuwa jirani yake Kihonda.

Kabla hatujaanza kurekodi tuliitwa kwenye kikao cha video na mama mmoja wa upande wa watengenezaji, yeye mwenyewe Mlatino, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashauri wanaotafsiri. Alikuwa mtu wa kusema polepole, nikampenda. Alitueleza kwamba kwao yule bibi amezua mabishano makubwa. Kuna wazazi walioandika kulalamika: kwa nini bibi yetu kila siku yuko jikoni, kwa nini namna yake ya kuongea ndiyo kichekesho, kwa nini mtoto wetu shuleni anaulizwa kama nyumbani anapigwa na ndala. Na kuna wazazi wengine, Walatino vilevile, walioandika kuomba asiguswe, kwa sababu katika katuni zote wanazotazama watoto wao ndiye peke yake anayeongea kama mama zao. Alisema pande zote mbili zinasema kweli, na kwamba yeye mwenyewe anawaelewa wa kwanza asubuhi na wa pili jioni. Akatuomba tuwe waangalifu na sauti tutakayompa.

Kikao kilipokwisha, mwongozaji wetu alikuwa tayari na jibu. Ni kijana mwenye akili, mtu wa mikoa ya kaskazini, anayependa kazi yake kuliko usingizi. Alisema tunahitaji bibi ambaye akifungua mdomo tu, mtoto anajua si wa mjini.

“Hapa kwetu ni nani?” akajiuliza, na akajijibu. “Mluguru wa mlimani.”

Alisema hivyo akitazama karatasi zake. Halafu akakumbuka kwamba mimi mwenyewe ni Mluguru, akainua macho.

“Samahani mwalimu, si kwa ubaya. Lakini si unajua mnavyoongea?”

“Tunaongeaje?”

“Kama mnapanda mlima. Sentensi inapanda, inapanda, ikifika juu inakaa kupumzika.”

Wote walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli. Mama mkubwa akiniita kutoka jikoni, jina langu hufika mlangoni, likapumzika, ndipo likaingia.

Mwigizaji tuliyempa sehemu ya bibi alikuwa binti wa Kipogoro, mzaliwa wa Ifakara, mwenye koo linaloweza kuwa mtoto mchanga au fundi gereji aliyeghadhibika. Yeye ndiye aliyemaliza mjadala. “Waluguru ni halali yangu,” alisema. “Mimi mtani.”

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa ajili yako unayetoka mahali ambako jambo hili halipo. Utani tunaousema sio mzaha wa kawaida. Ni undugu kati ya watu wa makabila mawili, au hata koo mbili. Mtani wako anaweza kukutukana hadharani, akakunyang'anya kofia, akala chakula chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika, ila una ruhusa ya kumlipiza. Lakini utani una upande wa pili. Siku ya msiba mtani anafanya kazi. Tulipomzika mjomba wangu, mtani mmoja alivaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake wa kuburuta mguu, akakohoa kikohozi chake, akaanza kugombeza watu kuhusu mashimo ya viazi kama mjomba alivyokuwa akigombeza. Shangazi zangu walicheka huku machozi yakiwatoka. Na mtani yule yule ndiye aliyekuwa ameshinda kaburini na jembe tangu alfajiri. Ndiyo maana aliruhusiwa kuvaa lile koti.

Basi mwongozaji alimweleza yule mama wa kwenye video kuhusu utani, nami nikamsaidia pale Kiingereza chake kilipokwama. Mama yule alifurahi. Alisema kwao hawana kitu kama hicho, wana mabishano tu, na kama sisi tuna desturi inayoruhusu, basi ametulia. Nakumbuka nilitingisha kichwa kukubali. Yote tuliyomwambia yalikuwa kweli. Bado sikuwa nimefikiri yanaishia wapi.

Mama mkubwa alishuka kwangu mjini msimu ule kama kawaida yake, na mifuko ya njegere na karoti. Yeye ni dada mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na kwa sisi ambao ukoo wetu unapitia kwa mama, hakuna tofauti kati ya mama na mama mkubwa isipokuwa huyu ana amri zaidi. Analima mboga Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, na huko kijijini ndiye anayewafundisha watoto mafundisho ya komunyo ya kwanza, kila Jumamosi, kwenye jengo dogo pembeni ya kanisa. Wengi walio na wajukuu leo walipita kwake.

Yule binti alipopata habari kwamba sauti aliyokuwa akiitafuta imefikia kwangu, alikuja siku hiyo hiyo. Alipiga goti kidogo, akaamkia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu. Mtu wa wapi?”

“Ifakara. Mpogoro.”

Mama mkubwa alinigeukia taratibu. “Mwanangu, ondoa njegere hizo mezani. Na wewe hesabu vijiko kabla hajakaa.”

“Njegere gani bibi, hizo zilizodumaa kwa baridi?”

“Bora baridi. Ninyi mbu wenu wamewanyonya mpaka haya.”

Walimenya njegere pamoja siku kadhaa. Binti alimwiga papo hapo, mbele ya uso wake, na mama mkubwa akamsahihisha kama anavyosahihisha watoto wa mafundisho. Hapo umenikimbiza, mimi nikimwita mtu namvuta. Hapo umenifanya mlevi. Hapo sawa, hapo ni mimi kabisa, na Mungu akusamehe. Nilikuwa sebuleni nasahihisha maandishi yangu na nilisikia sauti mbili za mama mkubwa zikigombana, nikashindwa kujua ipi ni ipi.

Kurekodi kulikwenda vizuri. Sehemu za ndala tulizimaliza haraka kwa sababu kila mtu alitaka kuzisikia. Kisha tukafika kwenye sehemu moja tofauti. Bibi anapokea simu kwamba dada yake amefariki kule Meksiko. Hawezi kwenda kuzika, kwa sababu akitoka Marekani hana karatasi za kumrudisha. Anakaa jikoni, jiko limezimwa, mjukuu anakuja kukaa chini karibu na miguu yake, na bibi anamweleza dada yake alikuwa mtu wa namna gani.

Binti alianza kwa sauti ya Mgeta. Mwongozaji alimsimamisha.

“Hapa toa mlima. Watu watacheka mahali pasipochekesha.”

Lilionekana shauri la busara. Binti aliirudia kwa Kiswahili kilichonyooka, cha taratibu, kama cha msomaji wa taarifa ya habari mwenye huzuni. Fundi wa mitambo alifuta macho. Tukaendelea na kazi nyingine.

Katuni ilipotoka ilipendwa kuliko tulivyotegemea. Vipande vya ndala vilikatwa na watu tusiowajua, vikasambaa kwenye simu. Nilipita Dumila nikielekea Dodoma, nikawasikia vijana wanaouza nyanya barabarani wakiitana kwa sauti ya bibi. Kwangu ilikuwa kama kumsikia mama mkubwa akitoka kwenye midomo ya watu ambao hawajawahi kumwona. Nilitabasamu, lakini kuna kitu kilinikwaza na sikukijua jina.

Jina lake nilipewa kwa simu. Mama mkubwa alinipigia Jumamosi moja mchana, saa ambayo alitakiwa kuwa darasani.

“Mwanangu, lile jambo lenu limefika huku.”

Alinisimulia bila kupandisha sauti. Alikuwa amesimama mbele ya watoto, akaanza kama anavyoanza siku zote, kwa ishara ya msalaba. Hakuwa amefika kwa Mwana, mtoto mmoja akaguna. Akaendelea. Mwingine, kutoka nyuma, akajibu kwa maneno ya bibi wa katuni, yale ya kabla ya ndala kuruka, na akayasema kwa sauti ile ile. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Alingoja kiishe. Kilipoisha akaanza upya, nacho kikaanza upya.

Ninachotaka ukione, msikilizaji wangu, ni kwamba watoto wale ni wa Mgeta. Wanaongea hivyo hivyo. Mama zao wanaongea hivyo. Yule wa nyuma aliyejibu hakuhitaji kuiga kitu, alifungua tu mdomo wake. Walikuwa wanacheka sauti waliyokwenda nayo nyumbani saa ya chakula.

Mama mkubwa aliwaruhusu waondoke, akafunga jengo, akampelekea paroko ufunguo. Nilimsihi asiharakishe. Nilimwambia watoto husahau.

“Mimi nikisema Mungu, wao wanasikia ndala,” alisema. “Waletewe mtu mwenye sauti ya mjini.”

Nilipompa binti habari, aliniuliza tu tunapanda lini. Tulipanda asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye matuta ya kabichi, na tulipofika alimwamkia mama mkubwa, hakungoja kukaribishwa kukaa. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji. Alifagia uwanja. Alichukua jembe akamalizia tuta lililokuwa limeachwa katikati. Hizo ni kazi za mtani anayejua kwamba amekosea njia mahali fulani. Na kila alipopita mbele ya mama mkubwa alirusha neno, kwamba Waluguru wanalima wima kama mbuzi, kwamba kabichi zao zina mafua. Mama mkubwa alimjibu, “Asante mjukuu.”

Asante. Kama wewe huna mtani, hutajua uzito wake. Mtani akikutupia neno na wewe ukamjibu kwa adabu, umemfanya mgeni. Binti aliweka jembe chini.

Baadaye, tulipokuwa tumekaa jikoni na uji, alitoa wazo. Alisema atakwenda kwa wale watoto Jumamosi inayofuata, awaige wao, mmoja mmoja, mpaka wajisikie wenyewe wanavyoongea. Waone kama itachekesha.

“Hapana,” mama mkubwa alisema. “Wale si watani wako. Ni watoto wangu.”

“Basi na mimi umeshanifuta, bibi?”

Nadhani ndipo mama mkubwa alipoamua kuyasema aliyokuwa ameyaweka.

“Wewe ukinicheka nakuona. Na mimi nakucheka. Siku nikifa utakuja uvae kanga zangu utembee kama mimi, watu wacheke wakilia, na hiyo ni haki yako, nitakuachia na kandambili. Lakini huyo bibi mliyemweka kwenye simu, watoto wa nchi nzima wanamcheka. Yeye anawacheka lini?”

Mimi niliyesaidia kumweleza mama wa Marekani utani ni nini, nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba anayekutania lazima awe na uso mbele yako, nawe umrudishie. Tulichukua ruhusa iliyokuwa kati ya bibi mmoja na binti mmoja, wakimenya njegere, tukaigawa kwa kila mwenye simu. Hawa waliogawiwa hawatakuja kuchimba kaburi la mtu Mgeta.

Kisha mama mkubwa akatushangaza. Alitaka kuiona. Kumbe hakuwahi kuitazama, alikuwa amesikia vipande tu kwenye simu za watoto. Binti aliegemeza simu yake kwenye sufuria, tukatazama watatu. Kwenye ndala ya kwanza mama mkubwa alicheka, kicheko cha kweli, akampiga binti begani. Alisema huyu bibi anajua kulenga. Aliuliza anapika nini, nikamweleza ni chapati za unga wa mahindi, akasema basi ni watu wenye akili. Aliuliza kwa nini haoni shamba lolote. Nilianza kupumua.

Tukafika kwenye msiba wa dada. Bibi akakaa kando ya jiko lililozimwa, mjukuu akaja miguuni, bibi akaanza kuongea. Mama mkubwa alisogeza uso kwenye simu.

“Huyu ni nani?”

“Ni bibi yule yule.”

“Siye. Huyu ni mtu wa redio.”

Tulimweleza. Binti ndiye aliyemweleza, akiangalia chini, kwamba tuliona sauti ya mlimani pale ingeharibu huzuni. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Yeye alimzika dada yake mdogo, ambaye ni mama yangu, na siku ile ndiye aliyesimama akasema habari zake mbele ya watu, kwa sauti hiyo hiyo inayopanda na kupumzika, na sikumbuki mtu aliyecheka.

“Kwenye ndala mmempa sauti yangu,” alisema. “Kwenye msiba mmeninyang'anya.”

Alinyanyuka kwenda kuangalia kuku.

Niliporudi mjini nilikwenda kwa mwongozaji. Alisikiliza vizuri, sina la kumlaumu, na alihuzunika. Suluhisho lake lilikuwa rahisi: katika sehemu mpya za katuni zilizokuwa zikija, bibi aongee Kiswahili kilichonyooka mwanzo hadi mwisho. Hakuna wa kucheka, hakuna wa kuumia. Alirekodi kipande cha majaribio, nikakituma Mgeta. Jibu la mama mkubwa lilikuwa swali: sasa huyu ametokea wapi? Hana kwao.

Nilikaa na swali hilo. Nilimkumbuka yule mama wa Marekani na wazazi wa pande mbili aliotueleza, wanaosema mwondoeni na wanaosema mwacheni. Nilikuwa nimedhani ubishi ule ni wa kwao, wa mbali, sisi tunapita tu na Kiswahili chetu. Nikaomba kuzungumza naye. Nikamsimulia darasa, na kicheko, na jiko lililozimwa. Kisha akaniambia kwamba katika katuni ya asili nayo, kwenye tukio hilo, bibi anaongea Kiingereza safi. Uzito wote wa ulimi umeondoka. Alisema ameitazama mara nyingi, amekaa kwenye mikutano ambako watu wamehesabu sufuria na ndala, na hakuna aliyewahi kuuliza huo ulimi ulikwenda wapi bibi alipoanza kulia. Alisema bibi yake mzaa mama alikuwa akiongea kizito zaidi akiwa na uchungu. Hapo hatukuwa mshauri na mtafsiri tena. Tulikuwa watu wawili wenye bibi.

Nilimwomba mwongozaji bibi abaki na sauti ya mlimani hata kwenye uchungu, akakubali kujaribu sehemu moja. Katika sehemu hiyo mjukuu wa kiume anaugua, na bibi anakesha naye akimwombea. Binti aliifanya kwa sauti ya Mgeta yote, ile ya kuvuta, isiyokimbiza mtu. Niliandika maneno nikimwachia nafasi za kupumzika kila alipofika juu. Mwongozaji alisema wakicheka ni juu yako mwalimu, nikasema sawa.

Je, walicheka? Nilialika watoto wa mtaani kwangu siku ilipotoka. Mwanzoni walicheka, ndiyo, kwa mazoea, wakisubiri ndala. Ndala haikuja. Mmoja akauliza kwa nini bibi haendi kulala. Mwingine aliomba tubadilishe chaneli. Wawili walibaki wakitazama mpaka mtoto wa kwenye katuni alipopoa homa, wakaenda kucheza. Sijui walichochukua. Hiyo ni moja ya zile sehemu nilizokuahidi kwamba nitasema sijui.

Vipande vya zamani bado vinazunguka. Hakuna mtu wa kuvirudisha. Nimeuliza.

Na mama mkubwa hajarudi darasani. Paroko alimpata kijana aliyesoma mjini, anafundisha kwa bidii, na watoto wanamsikiliza. Ufunguo wa jengo uko kwake. Lakini kuna watoto ambao Jumamosi, wakitoka kwa kijana, wanapita uwanjani kwa mama mkubwa. Mmoja wao ni yule wa nyuma aliyejibu kwa maneno ya katuni. Alikuja peke yake mara ya kwanza akasimama mbali, kisha akasogea, akaamkia, akaulizwa kama anajua kumenya njegere. Anapomenya, mama mkubwa anamwuliza maswali ya mafundisho, na anajibu. Nilimwuliza mama mkubwa kama basi yuko tayari kurudi. Aliniambia anaweza kuongea mbele ya mtoto mmoja. Mbele ya wengi bado anajisikia akiongea, na mtu anayejisikia akiongea hawezi kusali. Binti alimpigia wiki iliyopita, akamwambia amesikia kabichi za mwaka huu zimepona mafua. Sijui kama alijibiwa asante au alijibiwa kwa utani. Binti hakuniambia, na sauti yake haikunipa dalili.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, una moyo mzuri, na kama una mtoto, naamini yuko mikononi mwema. Usimkataze katuni yake. Fanya hivi tu: ukimwona anamcheka mhusika kwa namna anavyoongea, kaa naye, msubiri mpaka mhusika huyo apatwe na jambo la uchungu. Hapo simamisha picha, mwulize mtoto, “Sauti yake sasa ikoje?” Akikwambia imebadilika, mwulize nani aliyeibadilisha, kisha mpeleke kwa mzee yeyote aliye karibu nanyi anayeongea vile, amwamkie, akae, asikilize.